Mzimu Aliyesahau Maneno

ROMANI: Haloo? Ofisini hapa. Nani mwenzangu?

LEONARDI: Mwalimu Leonardi, wa Temeke! Napiga kutoka dukani. Hujambo?

ROMANI: Sijambo, mwalimu. Sema upesi, Bwana Mkubwa yumo chumba cha pili.

LEONARDI: Romani, Jumamosi umetuua! Mchezo mzima ulikuwa wewe!

ROMANI: Mie?

LEONARDI: Madirisha tumeziba kwa majamvi, ubani unafuka, Mfaume nyuma ya jukwaa analia kama bundi — mara mzimu wa mfalme huyo, shuka jeupe gubigubi—

ROMANI: Mwalimu—

LEONARDI: Watu mbio hadi barabarani! Bundi wa kweli katua dirishani kwa nje! Haloo?

ROMANI: Nipo. Simu inakwaruza.

LEONARDI: Ila maneno ulisahau. Nilikuandikia, "Waziri, nirudishie kiti changu." Wewe ukasema, "Wilbert, mrudishie mke wangu nyumba yake!" Na Wilbert kakaa mbele kabisa!

ROMANI: Wilbert yule aliyemfukuza Apolonia, mjane wa kaka yake?

LEONARDI: Huyohuyo. Kapiga magoti, "Kaka, nisamehe!" Jana kampelekea Apolonia funguo za nyumba.

ROMANI: Mwalimu... mie sikuwamo.

LEONARDI: Nini?

ROMANI: Ule ubani, na kile kilio cha bundi... Nilitundika shuka mlangoni, nikapanda baiskeli. Mpaka Kinondoni sikugeuka nyuma.

LEONARDI: Mzimu ulikuwa wako, ukauogopa mwenyewe?

ROMANI: Usinicheke!

LEONARDI: Sasa shuka alivaa na—

(Mkwaruzo.)

ROMANI: Nani alikuwa nyuma ya pazia?

LEONARDI: Mshonaji wetu tu. Apo— Ala! Nami nikadhani sauti yako imekuwa nyembamba kwa mafua!

ROMANI: Shii! Wilbert anajua?

LEONARDI: Hajui. Ila asubuhi kaniuliza, "Mzimu yule alikuwa Romani?" Nikisema ndiyo, atazifuata funguo zake leo hii.

ROMANI: Basi sema sikuwepo.

LEONARDI: Atauliza ulikuwa wapi. Romani, Temeke nzima itakucheka. Na yule binti wa Tekla unayemposa—

ROMANI: Najua, mwalimu. Najua.

LEONARDI: Basi nisemeje? Haloo?

ROMANI: Apolonia keshahamia?

LEONARDI: Anafagia uwanja tangu alfajiri, anaimba.

ROMANI: Mwambie Wilbert nilikimbia.

LEONARDI: Kweli, ndugu yangu?

ROMANI: Mwambie — ndiyo, Bwana Mkubwa, nakuja! — mwambie na kofia iliniangukia Ilala, sikurudi kuiokota!