Mapacha wa Siku ya Giza

Treni ilikuwa ndiyo kwanza inaondoka, na tayari kinyozi mmoja na bibi asiyemjua walikuwa wanabishana: jambo gani lilitikisa nchi mwaka huu? Nesi aliyeketi nyuma yao akatega sikio.

"Waziri kuzindua daraja moja mara mbili," alisema bibi.

"Wapi! Ni umeme kukatika nchi nzima wakati wa penalti ya mwisho. Mteja wangu alitoka mbio kutafuta redio, kichwa kimenyolewa nusu. Hajarudi mpaka leo."

"Afadhali huyo. Binti yangu alijifungua mapacha kwenye giza hilohilo. Nesi akatwambia huyu ndiye mkubwa. Mkwe wangu anadai nesi alibahatisha. Nyumba haikaliki!"

Nesi akavuta mtandio kufunika sare, kisha na uso. Ni kweli alibahatisha. Tochi ya simu ilizimika akiwa ameshawalaza wote kitanda kimoja, kabla hajawafunga alama.

"Nesi hawezi kubahatisha," kinyozi aliapa.

"Hebu tumuulize mwanamke mwenzangu." Bibi akageuka. "Mwanangu, wewe unaonaje?"

Treni ikasimama.

"Samahani bibi, nashuka hapa," nesi akasema, akateremka mbiombio. Kufika kwake kulikuwa bado kumebaki vituo vitatu.