Sekunde Ishirini

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu?

MWALIMU: Shikamoo, mama. Ni mimi, mwalimu wako wa darasa la watu wazi—

FUNDI: Unakatikakatika! Ngoja nizime cherehani. [Mlio wa cherehani unakatika.] Haya. Marahaba.

MWALIMU: Wiki nzima hatujakuona darasani.

FUNDI: Nina kazi. Sare za shule zimejaa mpaka mlangoni.

MWALIMU: Ni kwa sababu ya yale mashindano ya kusoma?

FUNDI: Nilishindwa, yameisha. Daftari nimempa jirani awashie jiko.

MWALIMU: Mama, jamani—

FUNDI: Nguo za wateja nimerudi kuzifunga nyuzi za rangi, kama zamani. Nyekundu ya mkunga, bluu ya kinyozi. Kuandika majina nimeachana nako. Mimi mzito, si ndivyo ulivyosema mbele za watu?

MWALIMU: [Anakohoa.] Hukushindwa.

FUNDI: Eti?

MWALIMU: Ile saa ya kwenye kompyuta, iliyowapimia muda wa kusoma... programu yake niliitunga mwenyewe. Ndiyo kwanza najifunza. Inakaa tu inasubiri kitufe. Ukibonyeza, inaanza kuhesabu sekunde sitini kurudi nyuma. Zamu yako ilipofika skrini ikaganda, nikabonyeza mara tatu.

FUNDI: Sasa?

MWALIMU: Kumbe kila nikibonyeza inaanza saa mpya, na zilizotangulia sikuziagiza zisimame. Zikawa saa tatu zinapunguza sekunde zilezile.

FUNDI: Sema Kiswahili, mwalimu.

MWALIMU: Wenzako walisoma dakika nzima. Wewe nilikupa sekunde ishirini.

FUNDI: Nilikuwa nimeshafika nusu ya ukurasa.

MWALIMU: Najua. Ungeshinda, mama.

FUNDI: Umegundua leo?

MWALIMU: Haloo? Mtandao huu—

FUNDI: Mimi nakusikia vizuri sana. Umegundua lini?

MWALIMU: ...Palepale. Niliona namba zinaruka. Lakini wageni walikuwa wanaisifu programu, wananipigia makofi. Nikashindwa kusema. Nikasema wewe ndiye mzito, watu wakacheka. Naona aibu, mama.

FUNDI: Mume wangu alicheka na yeye. Mjukuu wangu aliinamisha kichwa mpaka tunafika nyumbani.

MWALIMU: Nisamehe. Programu nimeshairekebisha. Kesho nakuja hapo kibandani na kompyuta, usome upya, wewe na mimi tu—

FUNDI: Wewe na mimi tu?

MWALIMU: Kimyakimya. Usisumbuke kuja huku.

FUNDI: Ukumbini siku ile tulikuwa wangapi?

MWALIMU: Kama... themanini hivi.

FUNDI: Basi, mwanangu, kawaambie hao themanini. Mimi umeshaniambia.

MWALIMU: Mama, salio linaisha, naomba tu—

FUNDI: Jumamosi mkikutana tena ukumbini, nakuja. Nitakaa kiti cha mbele, na mjukuu wangu pembeni yangu.

MWALIMU: Mama, na wageni pia wata—

[Simu inakatika.]