Mwalimu Okurut na Benchi la Jikoni

Mwalimu Robinson Okurut amefanya kazi katika chuo chetu hapa Amagoro miaka ishirini na tisa, na Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja Oktoba, anarudisha funguo. Kamati ya sherehe iliniomba niandike juu yake, ati kwa sababu mimi ndiye nimemjua siku nyingi. Ukweli ni kwamba kila mwalimu aliyeombwa alisema ana kazi. Watu wa masta, na karatasi mbili zimewashinda! Basi mimi Ajiko, mpishi wa chuo, niliyeachia masomo darasa la nne, nimeandika. Quinton wa ofisini amepiga chapa, na nimemkataza kuninyooshea maneno.

Alikuja kijana mwembamba, mshipi umemzunguka mara mbili. Alifundisha historia. Mwaka wake wa kwanza aliwapeleka wanafunzi Malaba kuangalia reli, na wakati wa kurudi akasahau kuwahesabu. Wawili walibaki. Walivuka upande wa Uganda, wakala chapati na mayai mpaka jioni, wakarudi wamechangamka kuliko wale waliosikiliza somo. Mkuu wa chuo alitaka kumwandikia barua ya onyo. Okurut akasema wale wawili ndio walijifunza zaidi, akawapa alama. Hapo ndipo nilijua huyu mtu ana shida.

Miaka kumi na saba iliyopita alianzisha masta ya Masomo Mchanganyiko. Nitawaeleza kwa sababu wengi hapa mnaipita tu mlangoni. Mtu anakuja na digrii yake ya uuguzi, mwingine ya biashara, mwingine ya sheria. Miaka miwili, kila Jumamosi, wanasoma pamoja yale ambayo hawakusoma: historia, dini, hadithi na nyimbo za watu, udongo na maji, mawazo ya waliotutangulia. Mwishoni kila mmoja anaandika tasnifu, yaani kitabu chake, juu ya jambo moja linalomsumbua. Darasa la kwanza lilikuwa la watu saba, ndani ya stoo ya zamani ya mahindi, na walipiga chafya muhula mzima.

Watu walicheka. Vijana wa boda boda pale stendi waliwaita wanafunzi wake githeri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe. "Githeri mpo? Mkimaliza mtaandikwa kazi ya nini, kuonja?" Mimi pia nilicheka, tena mbele yake, nikimmiminia chai. Yeye alikunywa tu.

Somo lake lililojulikana zaidi ni foleni ya trela za Malaba. Aliwapeleka wote saba wakae siku nzima kando ya foleni ile ile. Muuguzi aliangalia miguu ya madereva iliyovimba. Mwalimu wa shule aliuliza kabla ya trela kulikuwa na nini. Mchungaji alisikiliza wanaomba nini. Jumamosi iliyofuata walirudi darasani wakagombana, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye aliyeiona foleni. Okurut alikuja jikoni anacheka peke yake. Akaniambia, "Mama Ajiko, sasa wameanza."

Na sasa benchi. Mwanafunzi mmoja alikuwa jikoni akimsomea Mwalimu kazi yake, Kiingereza kirefu kama mlingoti. Okurut akanigeukia. "Mama Ajiko, umeelewa?" Nikamwambia hata sufuria imekataa kuchemka. Tangu siku hiyo aliweka sheria, na iko mpaka leo: kabla ya kwenda mbele ya maprofesa, kila mwanafunzi anakaa kwenye benchi langu na kunieleza kazi yake kwa Kiswahili au Kiteso, mimi nikiendelea kupika. Naruhusiwa kuuliza chochote. Nisipoelewa, kazi inarudi. Nimerudisha kazi arobaini na moja. Wengine walilia. Niliwapa chai, lakini kazi ilirudi.

Mchukueni Hesbon Ogola, polisi wa mpakani. Alikuja na kifua mbele, kitabu chake ni cha usalama, na kila mtu ndani yake ni mshukiwa. Nilimuuliza, "Wewe afisa, dada yangu aliolewa Uganda, upande wa Tororo. Nikimpelekea wimbi, mimi ni nani kwenye hicho kitabu?" Alifunga makaratasi yake kabla ugali haujaiva. Akaenda akaandika upya kitabu kizima, juu ya familia ambazo mpaka ulipita katikati ya maboma yao. Juzi nilivuka kwenda kwa dada. Hesbon sasa ana cheo. Nilimsikia akimwambia mzee mmoja, "Habari ya nyumbani, mzee? Mgonjwa anaendeleaje?" Kisha ndipo akaomba kitambulisho. Ni yule yule aliyekuwa akipiga watu tochi usoni mchana.

Sasa nifike kwa lile ambalo sijawahi kusema.

Among ni kitinda mimba wangu. Nilimsomesha kwa kupika ajon, pombe yetu ya wimbi, na mgongo wangu unajua. Alikuwa ajenti wa forodha Malaba, na ofisi yake mwenyewe yenye mlango wa kioo. Nilikuwa nikipita hapo bila shughuli yoyote, nione tu jina lake kwenye kile kioo. Kisha akaingia darasa la Okurut. Kitabu chake kilikuwa juu ya madereva wanaofia njiani, mbali na kwao. Nani anawaosha, nani anajua jina la baba yao, wanazikwa kwa dini gani, sheria inasemaje mwili ukiwa wa nchi nyingine. Kabla hata hajamaliza, alifunga ofisi. Akapanga chumba kimoja nyuma ya loji, akaweka meza, simu na daftari la majina, akaanza kutafuta familia za hao madereva.

Nilimwambia amerogwa. Nilimwambia Okurut usoni kwamba amenila mtoto.

Alipokuja kwenye benchi, alinieleza kazi yake kwa Kiteso safi, taratibu, nami nikichambua maharagwe. Alipomaliza nikamwambia, "Sijaelewa. Rudi." Alikuja mara ya pili. "Sijaelewa." Mara ya tatu hata hakuwa amekaa vizuri. Maprofesa walikuwa wanangoja na tarehe ya mahafali inakaribia. Okurut angeweza kunipita. Sheria ni yake, aliiweka mwenyewe. Hakunipita. Alikuja na kikombe chake akasimama mlangoni. "Mama Ajiko, ni kazi haieleweki, ama ni mtoto?"

Nilimfukuza jikoni kwangu. Wiki mbili hakupata chai. Alikuwa akinunua maziwa dukani na kunywa kwenye pakiti kama ndama, na bado asubuhi anasalimia.

Among hakuhitimu mwaka ule.

Mwaka uliofuata, dereva mmoja kijana, mtu wa mbali, wa nchi ya tatu kutoka hapa, alikufa akiwa loji Malaba. Makaratasi yake yalikuwa na jina la kampuni, si la mama. Among alipiga simu siku nne. Mama akapatikana, akaja kwa mabasi matatu. Among aliniita nikawapikie, nikaenda na uso umekunjwa. Kiswahili cha yule mama hakijai kikombe. Alikula kidogo, akaosha mikono, akaniuliza, "Nani alijua mwanangu ana mama?"

Nikamwambia, "Ni mtoto wangu."

Alinishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa migumu kama yangu. Nilirudi Amagoro, nikamwita Among kwenye benchi, na kabla hajafungua mdomo nikamwambia aende kwa maprofesa. Alihitimu na alama za juu. Leo chumba kile ni vyumba viwili, na madereva wa mbali wanamwachia namba za mama zao kabla hawajavuka. Wanamwita dada. Wengine wana umri wa baba yake.

Sasa wiki iliyopita Mwalimu Okurut aliniletea ile fomu ya kuaga kazi, ambayo kila idara lazima itie sahihi. Maktaba walitia. Stoo walitia. Mimi nikaiweka juu ya kabati la vikombe, nikamwambia akae kwenye benchi kama wengine, anieleze hiyo masta yake imewafanyia watu nini. Miaka kumi na saba anawaketisha wenzake, yeye hajawahi kukaa!

Jumanne alikaa. Akaanza na maneno ya kwenye brosha. Nikamwambia, "Sijaelewa. Rudi."

Alhamisi alirudi hana karatasi. Alikaa, benchi likilia chini yake, maana hata yeye si mwembamba tena. Kisha akasema, "Mama Ajiko, watu walikuja kwangu na maisha yao yamenyooka. Wengine wakaacha kazi nzuri. Sijui kama niliwasaidia ama niliwaharibia. Among ndiye ninayemfikiria zaidi. Ulisema nimekula mtoto, na hujawahi kusema vingine."

Ni kweli sijawahi. Miaka sita namimina chai na sijawahi. Hata Alhamisi nilishindwa, nikamwambia maharagwe yanaungua. Hayakuwa yanaungua.

Basi nasema hapa, mbele ya mkuu wa chuo, maprofesa, mchungaji, na vijana wa boda boda waliofuata harufu ya pilau. Mwalimu, nilielewa mara ya kwanza. Neno kwa neno. Kazi ya mtoto wangu haikuwa na kosa. Mimi nilitaka jina lake libaki kwenye kioo, na wewe ulimfundisha kutafuta majina ya wengine. Nilimnyima mahafali mwaka mzima kwa kiburi changu, ulijua, na hukunitangaza. Hukuniharibia mtoto. Benchi langu limekosea mara tatu katika miaka hiyo yote, na mara zote tatu ni hizo.

Kazi yako nimeielewa, Robinson. Sitaki uirudie.

Asante kwa miaka ishirini na tisa. Fomu nimetia sahihi, iko pale pale juu ya kabati. Darasa linabaki, na huyo atakayeshika kiti chako ajue benchi nalo linabaki. Nenda ukalime, ulale mchana, uishi vizuri na kwa afya. Na Jumamosi ukisikia mguu unakuleta huku wenyewe, usiupige breki. Chai yako ya kila siku iko, na Among amesema siku hiyo ataimimina yeye.