Mpiga Besi Aliyeifuata Piano: Maisha ya Marehemu Mzee Nguzo

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Nguzo kwa jinsi alivyosimama wima nyuma ya besi yake, ala ya nyuzi iliyomzidi kimo, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, mtoto wa pili wa seremala na mshona nguo.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1970. Masomo hayakumshinda, kilichomshinda ni kuacha kugonga dawati kwa vidole, hata mwalimu wa hesabu akamhamishia kiti cha nyuma kabisa.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye karakana ya samani, akabaki humo hadi kustaafu. Jioni alipiga muziki wa jazi katika kikundi cha watu watatu: piano, besi na ngoma. Mpiga piano alikuwa rafiki yake, na kupitia kwake akamfahamu dada wa rafiki huyo, aliyekuja kuwa mkewe. Siku ya kujitambulisha ukweni alifika akitokea mazoezini, besi mgongoni. Mama mkwe alimtazama akihangaika nayo mlangoni, kisha akauliza, "Na hilo kabati mtaliweka wapi?" Ndoa ilifungwa tarehe 14 Mei 1977.

Mwaka 1979 kikundi kilirekodiwa kikipiga mbele ya watu katika ukumbi wa hoteli. Piano ya hoteli ilikuwa imeshuka sauti, kila noti ikilia chini ya kiwango chake, na meneja alikataa kuitengeneza, akisema wateja wake huja kunywa. Marehemu akalegeza nyuzi za besi mpaka zikapatana na piano. Santuri iliyotokana na onyesho hilo ndiyo rekodi pekee aliyoacha.

Tarehe 3 Novemba 2021 alipatwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukapooza. Hakupiga tena. Aliposikia santuri itatolewa upya, akawa ananyoa ndevu kila asubuhi kama mtu anayengoja mgeni.

Kazi hiyo ilisimamiwa na shemeji yake, mpiga piano. Alirudia sehemu zake zote studio, kwenye piano mpya. Hapo besi ya zamani ikasikika imepotoka, naye akamwita mpiga besi mwingine airudie. Kwenye jalada ikabaki picha ya marehemu. Cha ukumbi ule kilichosalia ndani ni ngoma na makofi.

Marehemu alisikiliza upande mmoja tu wa santuri hiyo mpya.

"Hii mikono ya nani?"

Shemeji alimweleza taratibu kwamba besi yake ilikuwa chini, na kwamba yeye alimsitiri tu.

"Niliifuata piano yako, shemeji. Ulitaka nifuate nini?"

Alifariki nyumbani tarehe 22 Machi 2024, kwa kiharusi cha pili.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu watano, dada mmoja, na shemeji. Shemeji aliomba kumpigia piano leo. Mjane alimwambia, "Kaka, leo kaa usikilize." Itakayopigwa ni santuri ya mwaka 1979, pamoja na mikwaruzo yake, na piano ikiwa chini vilevile kama ilivyokuwa.

Apumzike kwa amani, na mtu asimsahihishe tena.