Jina Lililorudi Kwenye Kitako cha Bunduki ya Denzil

Ndugu wafiwa, mchungaji, majirani wa Pigeon Fork, na nyie mliokuja kwa ajili ya kuku wa kukaanga kule chumba cha chini ya kanisa, nimewaona, haya nitakayosoma sikusimuliwa na mtu, nilikuwepo mwenyewe, nimeyaona kwa macho yangu haya mawili, na bonde zima hakuna mwingine wa kusimama hapa akasema hivyo. Mimi ni Harless Maynard, marehemu alimuoa dada yangu, mnanijua.

Marehemu Denzil Blankenship alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, hapa hapa Pigeon Fork, West Virginia, nyumba ya juu karibu na reli ya makaa, siku ya theluji iliyofika hadi dirisha la ghorofani, na nyumba yao haikuwa na ghorofa. Nilikuwepo, ingawa mama yangu alikuwa anadai mimi nimezaliwa miaka minne baadaye.

Alisoma shule ya hapa bondeni, akamaliza sekondari mjini mwaka 1966, akaniacha mimi nyuma kwa madarasa ambayo sitayataja mbele ya watoto. Mwaka 1968 aliitwa jeshini, akapelekwa Vietnam, akapewa bunduki ya kitako cha mti, na kwa kuwa alikuwa ameshamchumbia dada yangu Oleta, akachukua msumari akalikandamiza jina la Oleta kwenye ule mti, pale pale shavu linapolala mtu akilenga. Siku ya kurudi nyumbani akaikabidhi stoo kama kila askari, na tangu hapo akawa na neno lake moja, analisema akishashiba maharage na mkate wa mahindi, "Shemeji, kuna mtu huko amelaza shavu juu ya mke wangu." Sisi tulikuwa tunacheka. Yeye alikuwa anaangalia sahani.

Mwaka 1970 aliajiriwa karakana ya mashine za mgodi, akakereza vyuma hapo hadi alipostaafu mwaka 2003, na wenzake wa karakana mliopo ni mashahidi, ungemwambia amtengenezee kiroboto pete ya ndoa angekuuliza kidole gani. Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na Oleta katika kanisa hili, mimi nikiwa msimamizi, nimependeza kuliko bwana harusi, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Tamra, mwaka 1975.

Sasa nifike kwenye ile bunduki, maana najua mnaisubiri.

Majira ya baridi ya mwaka 2004, wanaume wa bonde hili walikuwa wanaagiza bunduki kuukuu za majeshi ya mbali, zimefunguliwa vipande vipande, na kile kiboksi cha chuma cha katikati, kinachoshika mtambo wa kufyatulia, kimekatwa kwa moto ili isiwe bunduki tena, unaletewa vyuma kwenye katoni, kiboksi kipya unakitafuta mwenyewe kwa taratibu za sheria, halafu unaiunganisha gerejini kwako. Ya Denzil ilitoka Yugoslavia, nchi iliyokuwa imevunjika kuliko hiyo bunduki yenyewe, na ilikuja na grisi ya kupaka magurudumu ya treni zote za makaa kutoka hapa mpaka baharini. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyeshika taa.

Mnajua kawaida yetu, msimu wa kulungu ukifunguliwa shule zinafungwa, kila mtu anatoka na bunduki yake, na kitako kisichong'aa kinachekwa mpaka Krismasi. Kile kitako kilikuwa cheusi kwa grisi na jasho la watu, na ni mimi niliyemwambia, "Piga msasa, Denzil, huo mti unanuka soksi za kikosi kizima." Akapiga msasa. Unga ukadondoka mwekundu, mti ukaanza kupendeza, halafu mkono wake ukasimama, akapuliza, akainama, na pale pale pa shavu kulikuwa na mikwaruzo ya mwisho mwisho ya herufi, si herufi zetu, inafifia. Alikaa chini kwenye ndoo. Akaniambia taratibu, "Harless, nimemfuta mke wa mtu."

Aliimaliza, maana Denzil hakuwa mtu wa kuacha kazi katikati, akaifyatua mara moja tu kule kwenye machimbo ya zamani, akaitundika. Ukaja Julai wa mvua, unyevu mpaka mikate ikaota ndevu, akaishusha aifute, akalaza shavu, akaitupa kama ameshika nyoka. Jina lilikuwa limerudi. Halikurudi kwa kuzama, lilirudi limevimba, limesimama juu ya mti kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Yeye fundi akanieleza, mti uliokandamizwa na msumari hausahau, unausawazisha kwa msasa, unyevu ukiingia unaumuka. "Sababu naijua," akasema, "ila mbona lilingoja nililalie?"

Tangu hapo gereji ile ilinuka tumbaku, na Denzil hakuvuta sigara maisha yake yote. Aliifunga bunduki kwa kitambaa cha meza cha Oleta, hakumwonyesha mtu, hata mchungaji, kwa aibu ya ule msasa, akanionyesha mimi peke yangu. Tamra mwanangu, ulipomwomba uende nayo siku ya kufungua msimu akakunyima, ukanuna, ukaacha kuja nyumbani kula bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani miaka miwili, ulidhani ni kwa sababu wewe ni mwanamke. Hapana, mama. Hakutaka shavu lako pale.

Februari mwaka huu wa 2017 mapafu yalianza kumsumbua, akalazwa mara mbili, akaomba arudishwe nyumbani. Tarehe 3 Agosti, mvua inanyesha, aliniagiza kile kitako, nikakifungua kwenye vyuma nikamletea kitandani, akapitisha kidole juu ya herufi, zimesimama zote, akaniuliza, "Linasemaje?" Nikamwambia nilishazichora kwenye karatasi nikampelekea mama mmoja wa huko ilikotoka bunduki, anayeuza mikate mjini, akasoma, Vesna. Denzil akalitamka, akamwomba Oleta naye alitamke, akaagiza azikwe nalo na pasifyatuliwe risasi za heshima juu ya kaburi lake, ndiyo maana leo maaskari wastaafu watasimama kimya, kisha akalala, hakuamka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliofyeka nyasi bila kuombwa, wenzake wa karakana mliobeba jeneza, na kina mama wa chumba cha chini.

Yote niliyosoma niliyaona, theluji mtapunguza wenyewe. Ila kimoja nimekitunga. Hakuna mama wa mikate, sikuzichora zile herufi, sikwenda popote, na Vesna nililisikia siku moja redioni nikalipenda. Dada yangu amelitamka kwa mume wake anayekufa, nalo ni langu tu.

Jeneza bado liko wazi. Kitako kiko chini ya mkono wake wa kulia, na nimekipangusa kwa kitambaa chenye maji asubuhi hii, herufi ziko juu. Anayezijua apite mbele aziguse, aniambie, nimnong'oneze Denzil kabla ya kufunika.

Kama hayupo, basi pumzika kwa amani, shemeji, na wewe pia, mama, jina lako lolote lile, pumzika naye, si yeye aliyekufuta, ni mimi niliyemwambia apige msasa.