Stuli ya Mlangoni: Josepha Tarsis Ndunguru, 1959–2025

Josepha Tarsis Ndunguru alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1959, Kigonsera, Mbinga, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Tarsis Ndunguru na Mama Otilia Kapinga, wakulima wa kahawa. Alikuwa akisema kumbukumbu yake ya kwanza ni ukungu. Asubuhi moja aliamka akakuta milima imeondoka, akalia. Mama yake akamketisha mlangoni, akamwambia angoje. Milima ikarudi mmoja mmoja, mdogo kwanza.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1967 na kumaliza la saba mwaka 1973. Miaka miwili iliyofuata alijifunza ushonaji kwa masista wa misheni. Huko ndiko alikofundishwa kupiga bandi, yaani kushikiza kitambaa kwa nyuzi za muda kabla ya kushona. Wenzake waliiona kazi hiyo kuwa ya kuchosha. Yeye aliipenda kuliko zote.

Aprili 1979 alikuja Dar es Salaam kwa shangazi yake, Gerezani, na mwaka uliofuata akaweka cherehani barazani, Mtaa wa Mahiwa, Kariakoo. Alishona hapo miaka arobaini na mbili, akizungukwa na vitenge vilivyoning'inia hadi mwanga wenyewe ukawa na rangi. Mwaka 1993 bibi harusi mmoja hakutaka kungoja. Alimtuma kaka yake alichukue gauni Ijumaa, likiwa bado na bandi. Kesho yake Josepha alimfuata kanisani na mkasi, akazichomoa nyuzi nyuma ya mlango huku kwaya imeshaanza kuimba.

"Mama Adamu, mbona hukuniambia?" yule binti alinong'ona.

"Nilikuambia Jumamosi, mwanangu. Wewe ukaja na Ijumaa yako. Tulia, nisije nikakukata."

Mume wake, Samson Komba, ni fundi wa kutengeneza cherehani. Mwaka 1983 aliitwa kutazama mkanda uliolegea. Alirudi siku tatu mfululizo kuukagua, na siku ya nne shangazi akamuuliza kama ameleta mshenga au bisibisi. Walifunga ndoa tarehe 25 Agosti 1984. Mungu akawajalia Adamu, Violeth na Tarsis.

Tarsis alifariki kwa homa tarehe 2 Juni 1999, akiwa na miaka minane. Tangu siku ile Baba Adamu hakuingia tena katika chumba ambamo watu wanasali. Alimsindikiza mkewe mpaka mlangoni, Jumapili baada ya Jumapili, akamngoja nje.

Mwaka 2002 Josepha alianzisha mafunzo ya Biblia katika chumba cha mbele cha nyumba yao, Gerezani, kila Jumatano saa kumi alasiri. Walikuja majirani, mafundi wenzake na wake za mafundi wa magari. Walisoma polepole mno. Isaya peke yake aliwachukua miaka miwili. Ndani ya mlango Josepha aliweka stuli ya mninga, na mgeni yeyote aliyetaka kuikalia aliambiwa kwa upole, "Hapo pana mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa nje, chini ya dirisha, na bisibisi yake. Mama Nasma, jirani Mwislamu auzaye vifungo na lesi, hakumwacha apumue.

"Shemeji, jua linakuchoma na stuli ipo bure!"

"Mimi fundi wa nje, Mama Nasma."

"Fundi wa nje, sikio la ndani."

Siku waliyofika pale nabii anaposema Mungu anatenda jambo jipya, nalo linachipuka kabla watu hawajalitambua, Samson aliongea kupitia dirishani. "Mama Adamu, hilo jipya mimi silitaki. Nilikuwa namtaka wa zamani, Tarsis wetu." Josepha hakumjibu kwa mstari. Alisema tu, "Stuli ipo, Baba Adamu," wakaendelea kusoma.

Jioni ile, pembeni ya mstari huo, aliandika kwa penseli: Samson, 6.10.2004. Mbele yake akaacha nafasi. Ndivyo alivyoweka maombi yake yote, tarehe ya kuomba kushoto, na kulia nafasi ya tarehe ya kujibiwa, ambayo hakuipanga yeye. Watoto walipomuuliza kwa nini hamsukumi baba, alisema Mungu naye hupiga bandi. Nyuzi zile kubwa zinaonekana mbaya, lakini usizichomoe wewe.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua, baadaye na macho yakafifia. Alikwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, lakini Jumatano saa kumi hakukosa. Aliposhindwa kuona maandishi, wenzake walimsomea. Julai mwaka huu alianza kusema kwamba anausikia ukungu, na milima iko karibu.

Jumatano, tarehe 10 Septemba 2025, kina mama walimkuta kitandani katika chumba kile cha mbele, hana nguvu ya kuongea. Walikaa. Hakuna aliyeweza kufungua kitabu. Honi ya treni ilisikika kutoka stesheni. Nje, bisibisi iliacha kugonga. Baba Adamu aliingia, akanawa grisi kwenye beseni, akaketi juu ya stuli. Akafungua kitabu, akawasomea; alijua walipoishia. Alijua wameishia wapi kila Jumatano kwa miaka ishirini na tatu.

Walipomaliza, Josepha alipapasa chini ya mto, akampa Biblia yake, penseli ikiwa katikati ya kurasa. Samson aliliona jina lake. Alikaa nalo muda mrefu, halafu akaandika tarehe katika nafasi iliyoachwa. Ilikuwa imepita miaka ishirini na moja kasoro siku ishirini na sita.

Josepha alifariki Jumanne, tarehe 16 Septemba, saa kumi na mbili asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Ameacha mume, Samson, watoto wawili, Adamu na Violeth, wajukuu watano, wadogo zake wawili, Augustino na Bertha, na Mama Nasma, ambaye familia inamhesabu kuwa wa nyumbani.

Juzi ilikuwa Jumatano. Saa kumi kitabu kilifunguliwa, msibani, na Samson akasoma akiwa ameketi mkekani. Mama Nasma, miguu imemchosha, aliivuta stuli ya mlangoni.

"Hapo pana mtu, shemeji," Samson alimwambia.

Hakusema ni nani.

Apumzike Josepha, aliyejua kungoja. Milima na imrudie yote.