Mechi Moja ya Pate Kabla ya Kwenda Nyumbani

Mchungaji, wazee wetu, akina mama, walimu, na nyinyi vijana wa Langoni mliovuka kuja hapa Mokowe asubuhi hii, historia hii inasomwa na Bwana Kariuki, mwalimu mwenza wa marehemu, kwa niaba ya familia, maana ndugu za marehemu wamekwama Garsen kwa mafuriko, na Bi Nerea, mjane wake, hana sauti tena ya kusoma lolote.

Marehemu Patroba Owuor Amolo alizaliwa tarehe 12 Machi 1924, Alego, Nyanza ya Kati, akasoma shule ya misheni hadi mwaka 1940, akahitimu ualimu mwaka 1943, na tangu 1945 akaichezea timu ya wilaya, winga ya kushoto, mpaka tarehe 8 Agosti 1954 goti lilipovunjika uwanjani Kisumu na mpira ukawa umemalizana naye, ingawa yeye hakumalizana nao. Alifunga ndoa na Nerea Adhiambo tarehe 20 Desemba 1947, wakajaliwa watoto wanne, wote wako nyumbani, na habari imewafikia kwa simu ya posta tu.

Januari 1961 alihamishiwa Lamu, akawakuta vijana wa mtaa wa Langoni wakipiga mpira kwenye mchanga wa Shela, akawapangia mazoezi saa kumi kila siku kwa saa yake ya mkononi, na siku ya tano akakuta magoli yamo ndani ya maji na vijana wameketi ukutani kwa adabu, hakuna aliyethubutu kumwambia mwalimu kwamba bahari haifuati ratiba ya shule. Alicheka, akauliza, akajifunza, na chini yake timu ile ikatwaa kikombe cha wilaya mara tatu. Kila Desemba alimwandikia mkewe kwamba huu ndio mwaka wa mwisho, na Bi Nerea, aliyelima peke yake na kuwazika wakwe zake bila mume kuwapo, ameomba hilo lisomwe waziwazi, kwa kuwa amechoka kuwafichia watu.

Septemba mwaka huu uhamisho wa kurudi Nyanza ukatoka. Bi Nerea akaja mwenyewe kumchukua, akashuka basi hapa Mokowe tarehe 30, wakakubaliana waondoke Jumatatu, tarehe 14 Oktoba, baada ya mechi moja tu ya kuaga kule Pate, tarehe 12. Haraka ya kwenda nyumbani ilimfanya ahesabu siku asitazame mwezi, tarehe hiyo ikaangukia maji mafu, bahari isipojaa vizuri, na Badawi, nahodha wa jahazi la kuwapitisha mkondo wa Mkanda, akaja kumwambia, "Mwalimu, ndia ya Mkanda haina mai ya kupitisha watu wote hawa, ngoja bamvua." Kungoja bamvua, maji yanapojaa sana, kulikuwa siku kumi na moja zaidi, Bi Nerea akamsihi aiache mechi hiyo, naye akajibu kwamba vijana wamekwisha kutoa neno kwa watu wa Pate.

Tarehe 20 mvua ikakata barabara ya kurudi nyumbani, tarehe 23 timu ikashuka Mtangawanda, bandari ya Pate, ikashinda mabao mawili kwa moja, mwalimu akarudi amelowa na amefurahi, tarehe 27 homa ikamshika kifuani, na Jumamosi, tarehe 9 Novemba 1968, saa tatu asubuhi, akafariki dunia, masanduku yao yakiwa yamefungwa kamba mlangoni.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliokesha naye, walimu wenzake, polisi waliochimba kaburi kwenye matope haya, na jirani yake Bi Mwanamkisi, aliyempikia mgonjwa uji na hadi leo hajamwacha mjane peke yake.

Vijana wa Langoni, familia inawashukuru kwa kumpenda. Jezi mliyoomba kuilaza juu ya jeneza Bi Nerea ameikunja, atawarudishia kwa mikono miwili, wala si kwa hasira, na atamfunika marehemu kwa shuka aliyotoka nayo nyumbani, kwa kuwa huko hataweza kumfikisha. Miaka saba na miezi kumi alikuwa wenu, na leo Bi Nerea anawaomba msogee nyuma kidogo, mwacheni awe wake.

Lala salama, mume wa Nerea, upumzike kwa amani.